Miguu ya Ndege ya Mtani Wangu

Jumatatu, 18 Novemba

Leo mtu mzima amejitupa juu ya kochi langu kama gunia la mkaa linaloshushwa kwenye lori. Nilikuwa kibandani hapa Nkuhungu, Dodoma, nimebana misumari mdomoni, nikashindwa hata kupiga kelele. Mbao zikalia. Akainuka, akalizunguka kochi kama anayetafuta ugomvi nalo, akajitupa tena, safari hii kwa mgongo. Kochi likamrudisha juu, akatua amesimama.

"Mnyamwezi," akasema, "hili kochi linajua kumpokea mtu. Nani amekutengenezea?"

Nikatema misumari. "Mke wako. Alikuja kuomba kazi, akasema kwao hakuna mwanaume."

Huyo ni Ebenezer, Mgogo wa Mkonze, fundi wa ndege mstaafu, mtani wangu. Anifa mwanangu, wewe unamjua. Wewe ndiye uliyenitumia daftari hili kutoka Singida ukisema niandike mambo yangu badala ya kukusimulia kwenye simu mpaka salio liishe. Ila mumeo akisoma, mweleze: babu zetu wa Tabora walipita Ugogo na mizigo kichwani, na babu zake Ebenezer wakawatoza hongo kwa kila kata ya maji. Wakapigana, wakauana, wakachoka, wakawa watani. Ndiyo maana nikiomba maji kwake lazima anidai hongo kwanza, nami lazima nimtukane kwanza. Hakuna anayekasirika. Kukasirika ni mwiko.

Basi, anatengeneza ndege. Ya mbao, kitambaa na waya, kama zile za kwanza kabisa duniani. Miaka yote amekaza nati za ndege za watu, sasa anataka moja ya kwake. Mwili umekamilika, imebaki miguu.

"Kila ninachofunga kinavunjika," akasema. "Nataka kitu cha kuipokea ikishuka."

"Si ununue shokapu za pikipiki?"

"Wale wa zamani hawakuwa na shokapu. Walikuwa na mpira. Ekseli imefungwa kwa mpira kwenye miguu ya mbao, basi."

Mpira! Mimi kila kochi nalifunga mpira wa tyubu chini ya sponji. Nikajiona mhandisi papo hapo.

Mama yako amecheka mpaka akaangukia kochi letu la sebuleni, likammeza kama kawaida yake. "Baba Anifa," akasema kutoka humo shimoni, "nivute kwanza mimi, halafu ndiyo ukapokee ndege."

Alhamisi, 21 Novemba

Nimekwenda Mkonze. "Mbukwenyi," nikamwamkia Mama Loisi, mama yake Ebenezer, kikongwe mwenye macho makali. Nikaomba maji. "Hongo," akasema kabla sijamaliza. Nikamwambia hongo yake iko Tabora, aifuate kwa miguu. Akanipa kata, akanitazama ninavyokunywa. "Baba yako alikuwa mwembamba," akasema. "Wewe umebeba nini humo?"

Ndege iko uani, imelala kwa tumbo juu ya matairi ya lori. Itarushwa na Marko, mdogo wake Ebenezer, rubani wa ndege ndogo za watalii, mtu wa miwani ya jua hata chumbani. Angelina, binti wa Ebenezer, naye ana leseni ya urubani. Bibi yake anasema aliipata kabla ya kujua kusonga ugali. Kibali chao ni cha kuruka kimo cha mti tu, juu ya uwanda wao nyuma ya mashamba ya mtama.

Nikakitazama kiti. Ni ubao. Chini ya ubao ni hewa, na chini ya hewa ni kazi yangu. Kochi likiwa baya mteja anarudi kunitukana. Hili likiwa baya mteja harudi.

Jumatatu, 2 Desemba

Tumesimamisha nguzo mbili ndefu na kapi juu. Tunavuta fremu yenye miguu na magurudumu, juu yake magunia ya mchanga yenye uzito wa injini, na kwenye kiti tunafunga kibuyu kilichojaa maji. Kibuyu ndicho Marko.

Tukaachia kamba. Fremu ikashuka, ikapiga ardhi kwa kishindo kilichowatoa kuku wote uani. Mguu wa kushoto ukapasuka kama mfupa, kibanzi kikaruka, kikachoma mlango wa jiko usawa wa kichwa cha mtu. Mama Loisi alikuwa ametoka hapo dakika ile. Kibuyu kikalipuka, maji yakatupiga usoni.

"Baba mdogo amefariki," akasema Angelina, akaenda kuleta kibuyu kingine.

Jumanne, 3 Desemba

Marko amefariki tena.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua ya kwanza. Ilianza kwa upepo uliong'oa kibao cha duka langu na kukitupa kwa muuza mkaa. Radi imeua ng'ombe wa watu huko Mkonze, wote chini ya mti mmoja, miguu juu. Marko amefariki asubuhi na jioni. Marko mwenyewe anatazama kwenye miwani yake na kusema, "Endeleeni tu, wazee, mimi nimezoea."

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, na mpira nao ukajitwalia uhuru wake.

Nilikuwa naufunga kama vijana wa bodaboda wanavyofunga mzigo, navuta mpaka mishipa ya shingo inasimama, Ebenezer ameshika mwisho wa pili. Ukateleza mikononi mwangu. Ulimchapa shavuni kwa sauti ya risasi. Ngozi ikafunguka kutoka sikioni hadi pembeni ya mdomo, nikaona meno yake kwa ubavuni.

Nikangoja tusi. Halikuja. Aliishika fremu, akaipiga teke, akaipiga tena na tena, damu inamwagika kifuani, mpaka kiatu kikapasuka na vidole vikatoka. Kisha akarusha nyundo, ikatoboa ukuta wa matofali mabichi. Mama yake akaja na kitambaa, akamfunga uso, kama mtu aliyefanya kazi hiyo mara nyingi.

Siku zote nilimchukulia kama mchekeshaji. Leo nimeona kwamba mzaha ni kifuniko, na chini yake chungu kinatokota.

Jumapili, 15 Desemba

Tumeweza! Marko yu hai!

Nimezungusha mpira tabaka juu ya tabaka. Tukadondosha kutoka juu kabisa. Fremu ikashuka, mpira ukavutika, ekseli ikapanda, halafu yote ikaruka juu, ikadunda, ikadunda, ikatulia. Kibuyu kizima. Tukapiga makofi kila ilipodunda. Ebenezer, mwenye nyuzi shavuni, akaibonyeza kwa viganja kama mteja wa kochi, ikamrudishia viganja vyake. "Inarudi!" akapiga kelele. Marko akakaa juu yake akarushwarushwa, miwani ikaanguka.

Angelina peke yake hakupiga makofi. "Baba Anifa, inarudi mpaka wapi?"

"Mwanangu," nikamwambia kwa lugha ya kibandani, "kochi lisilorudi ni kaburi."

Tukacheka wote.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi Mkonze. Nimekula nyama ya mbuzi hadi nikaona aibu, halafu aibu ikaisha.

Jumamosi, 4 Januari

Mvua ya mawe. Imechakaza zabibu za watu na kutoboa turubai la kibanda. Bata wa jirani wamekufa wamekaa.

Jumamosi, 11 Januari

Utanisamehe mwandiko.

Iliruka. Hilo naliandika kwanza, kwa haki. Ilikimbia ikitikisika kama mwenye malaria, ikapasua madimbwi, ikaiacha ardhi. Ebenezer akapiga magoti kwenye tope. Marko akaizungusha polepole juu ya uwanda, akaileta. Magurudumu yakagusa. Miguu ikaingia ndani vizuri kabisa, kama nilivyoipanga, nami nikafungua mdomo kushangilia.

Kisha ikamrudisha.

Ikamrudisha juu, pua inatazama mawingu, juu kuliko paa la kanisa, mwendo umekwisha. Ikasimama hewani kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Halafu ikalala upande na kuanguka kwa bawa. Mbao zilipasuka moja moja, nikazisikia zote, mimi fundi wa mbao. Pangaboi la mbele likajikatakata ardhini na kipande kikapita kati yangu na Angelina kikivuma, kikaingia kwenye mtama, kikafyeka njia.

Marko tulimkuta ananing'inia kwenye waya, kichwa chini. Taya limehamia upande. Mfupa wa paja umetoka nje ya suruali, mweupe kabisa. Alikuwa anajaribu kusema, na damu ya mdomo inamwingia puani, anajikohoza, anajaribu tena. Angelina akaingia chini yake, akambeba kichwa mapajani, akaniambia nikate waya. Nilikata. Mikono yangu ilikata vizuri, sijui ilikuwa ya nani.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la kubebea nyanya. Njia nzima Ebenezer alikuwa ameshika mguu wa ndugu yake usihame, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, anakosea maneno.

Na mimi njia nzima nasikia sauti yangu mwenyewe: kochi lisilorudi ni kaburi.

Jumapili, 12 Januari

Nilikwenda hospitali na uji wa Marko. Ebenezer alinikuta uani kabla sijafika wodini. Alitembea moja kwa moja, akanipiga ngumi ya mdomo. Chupa ya uji ikapasuka. Nikaanguka, akanipiga teke la mbavu, la pili, la tatu, nikasikia kitu kikivunjika humo ndani, kidogo tu, kama kijiti cha kiberiti. Sikujitetea. Kwa umbo langu kujitetea ni kuchagua upande wa kuangukia. Walinzi wawili walimtoa juu yangu.

Hakunitukana hata tusi moja. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtani akikupiga akiwa kimya, utani umekufa.

Jumanne, 14 Januari

Mama yako amenifunga kifua kwa kanga. Natema jino. Anasema nisirudi Mkonze, hata kukiwa na msiba.

Alhamisi, 16 Januari

Leo nilimwambia mama yako kwamba lazima nirudi. Nilikuwa nimezama kwenye kochi letu, kikombe cha uji kiko juu ya mkono wa kochi. Alikasirika akajitupa pembeni yangu kwa uzito wake wote, na unamjua mama yako si karatasi.

Kochi likashuka. Likabaki limeshuka. Uji haukumwagika.

"Mama Anifa," nikasema, "simama, jitupe tena."

"Umepigwa kichwani pia?"

"Jitupe, mke wangu. Kwa hasira."

Hasira alikuwa nayo tele. Akajitupa. Kochi likampokea, likaguna, likamshika hukohuko. Mbavu zangu hazikuhisi kitu. Miaka yote amenicheka kwamba fundi makochi analaza mkewe shimoni, na mimi najibu nitalitengeneza kesho.

Nikalipindua, nikalichana tumbo kwa wembe. Ndani, mpira wa tyubu uleule. Ila kila ulipochakaa, badala ya kuubadilisha nilikuwa naushonea kipande cha turubai juu yake, kipande juu ya kipande, nimebana sana, uvivu wa miaka. Mpira ukivutika, turubai linausugua. Unakwenda kwa shida, unarudi kwa shida zaidi. Nguvu ya mama yako inaishia humo, kwenye msuguano. Nimevuta na kuachia kwa haraka mpaka mpira ukapata joto kiganjani.

Nilivyojua mimi, kazi ya kochi ni kumrudisha mteja juu, maana mteja hujaribu kwa viganja, na viganja vinapenda kurudishwa. Ndege haipendi. Ndege ikishashuka inataka kubaki imeshuka.

Jumatatu, 20 Januari

Angelina amepiga simu.

"Shikamoo baba. Mbavu zinaendeleaje?"

"Zinanisalimia kila nikicheka, kwa hiyo sicheki."

"Basi usicheke. Baba ameunga ndege. Miguu ni ileile, mpira uleule, ameukaza zaidi. Anasema damu ya baba mdogo haiwezi kwenda bure. Jumamosi inaruka."

"Nani anairusha?"

"Nisipopanda mimi atapanda mwenyewe, na baba hajui kurusha hata kishada. Nimemwambia nitapanda."

Nilimweleza habari ya kochi. Akasema amejaribu kuongea na baba yake, baba akavunja kiti. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi, "Mpaka Jumamosi, baba."

Jumanne, 21 Januari

Nilivaa kanzu na kofia yangu ya Idi, nikaenda Mkonze. Mama yako alisema nikifa asiitwe.

Ukoo mzima ulikuwa uani, wamekaa kumsikitikia Marko. Ebenezer alikuwa chini ya ndege na panga, anachonga mguu. Alinitazama kama mtu anayetazama nyoka, anapima pa kupiga.

Nikajua kuna njia moja tu. Kama utani umekufa, nimekwisha. Kama unapumua, mtani ana haki yake: hata kwenye msiba anatukana, hata kwenye msiba anachukua kitu cha wenyewe akaondoka nacho, na hapigwi.

Nikasimama katikati ya uani. "Mbukwenyi! Nimesikia Wagogo wamejifunza kuruka. Nimekuja kuona. Naona wamejifunza nusu, kupanda wanajua, kushuka wanashuka kwa meno!"

Mwanamke mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Nikaendelea: "Marko anasemaje huko wodini? Najua hasemi, taya lake liko njiani bado linakuja kwa miguu!"

Ebenezer akainuka.

Niliinama chini ya ndege, nikachomoa pini, nikaivuta ekseli pamoja na magurudumu yake mawili. Mbavu zikapiga kelele, nami nikapiga nazo. Nikaipandisha kichwani kama babu zangu walivyopandisha pembe za ndovu na vitambaa, nikaanza kutembea kuelekea mlango wa ua, magurudumu yanazunguka huku na huku masikioni mwangu.

Nilisikia miguu yake nyuma. Nikasikia panga likipita hewani. Likapiga tairi la kulia, pembeni kabisa mwa shingo yangu, upepo ukafoka sikioni, nikahisi mpira ukijifyatua mgongoni. Sikugeuka. Ningegeuka ningekimbia, na nikikimbia mimi si mtani tena, ni mwizi.

"Ebenezer!" Ilikuwa sauti ya Mama Loisi. "Unamkata nani?"

"Anaondoka na miguu yangu, mama!"

"Mtani amechukua. Amechukua msibani. Wewe ni nani wa kumkata?" Akaja mwenyewe, fimbo mkononi, akasimama mlangoni akanizuia. Uso wake haukuwa na huruma hata kidogo. "Mnyamwezi. Unapita Ugogo na mzigo kichwani. Hongo."

Sikuwa na mkono wa kuingia mfukoni. Nikainamisha kichwa, nikamwambia avute kofia chini ya mzigo. Akaivuta, akaikung'uta, akaivaa. Kofia ya Idi juu ya kichwa cha kikongwe wa Kianglikana.

"Amelipa," akasema. "Mpisheni."

Hapo kicheko kikatoka, kwanza kwa mmoja, halafu ua mzima, cha uchungu, cha watu waliolia siku kumi. Ebenezer alikaa chini pale pale, panga mapajani. Nilipogeuka nilimwona analia mdomo wazi, kovu la shavuni linavutika. Na mimi mjinga nilikuwa nimekaa nadhani ni hasira. Alikuwa anaogopa, Anifa. Tangu mwanzo alikuwa anaogopa, na hakujua njia ya kurudi nyuma mbele za watu.

"Mnyamwezi," akasema, "ukinirudishia kitu cha kumuua mwanangu, nitakukata kweli."

"Mbona umenikosa kwa karibu hivi?" nikasema. "Hata kukata hamjui."

Nilifika njia panda ndipo nikautua mzigo.

Jumamosi, 1 Februari

Ebenezer amekuja kibandani. Hakuomba radhi wala sikumpa. Alijitupa kwenye kochi la mteja, likamrudisha, akalitazama kwa chuki. Kisha akatoa picha za ndege za zamani. "Tazama mpira." Umevishwa. Umefumwa nyuzi juu yake wote. "Maisha yangu yote nimedhani ni kuukinga na jua," akasema.

Ninaushonea mpira soksi za turubai, kwa uzi wa viatu. Yeye anakata, mimi nashona. Ananiita Mama Anifa mdogo.

Jumamosi, 8 Februari

Soksi zimechanika. Fremu imeanguka upande na kumpiga Ebenezer begani. Ametukana kabila langu lote, mmoja mmoja. Nimefurahi sana.

Jumapili, 16 Februari

Soksi mbili, moja juu ya nyingine. Na Angelina ametaka mguu wa mbao tuupunguze katikati. "Ikizidi nguvu, uvunjike hapo," akasema, "usivunjike mgongo wangu." Ebenezer alikataa, akatoka nje, akarudi, akaupunguza mwenyewe.

Tukadondosha kutoka juu kabisa. Fremu ikashuka, ikaguna, ikakaa. Haikudunda. Hakuna aliyepiga makofi. Tulisimama tunaitazama, moshi mdogo unatoka kwenye turubai.

Marko alikuwepo, juu ya magongo, taya limefungwa waya. Alikinyooshea kidole kibuyu kizima, halafu akajinyooshea yeye, akatikisa kichwa taratibu. Nilimdhani mtu wa miwani tu. Kumbe ndiye aliyemwambia Ebenezer, kwa ishara na machozi, kwamba asinichukie.

Jumatano, 26 Februari

Korongo la Mkonze limefurika, limebeba trekta.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeingia. Kiu ya Dodoma haina mzaha.

Jumamosi, 15 Machi

Angelina alipanda alasiri. Alifunga mkanda, akamwamkia bibi yake, akamwamkia baba yake, akanigeukia mimi. "Baba Anifa, leo lisiponirudisha juu usiseme ni kaburi."

Upande wa Kilimatinde wingu lilikuwa jeusi lakini mbali. Ndege ikakimbia, ikapanda kimo cha mti, ikazunguka. Ebenezer hakupiga magoti safari hii. Alinishika mkono wa juu, vidole vikaingia kwenye nyama.

Alipokuwa anaileta, upepo wa mvua ukafika kabla ya mvua. Uliinua vumbi jekundu kama ukuta, ukaulaza mtama, ukaipiga ndege mgongoni. Niliiona ikisukumwa chini kama nzi anayepigwa kwa kiganja. Haikutua, ilitupwa. Gurudumu la kushoto lilipiga kwanza, kwa nguvu ambayo hatujawahi kuidondosha, na nikasikia mpira wangu. Uliguna kama ng'ombe anayechinjwa. Mguu wa kushoto ukavunjika pale tulipoupunguza, wa kulia ukabeba, ukakunjika, ukavunjika nao. Ekseli ikang'oka ikaruka. Bawa likachimba ardhi likapasuka. Ndege ikateleza kwa tumbo, mbao na waya vinatawanyika nyuma yake, vumbi likaifunika.

Nilikuwa nangoja ipande. Meno yangu yote yalikuwa yanangoja ipande.

Haikupanda. Iliposhuka, ilibaki imeshuka.

Tulikimbia. Mimi pia, Anifa, na funga yangu na tumbo langu. Ebenezer alifika kwanza, akaanza kurarua kitambaa kwa mikono, anapiga kelele jina lake. Mvua ikatupiga. Kutoka chini ya kitambaa ukatoka mkono, kisha kichwa, pua inavuja damu, nyusi moja imepasuka.

"Baba," akasema Angelina, "unanikanyaga."

Akasimama. Akajipapasa shingo, mgongo, magoti, kama mtu anayetafuta funguo. Vyote vilikuwepo. Kisha baba yake akamrukia, wakaanguka wote kwenye tope, Ebenezer anampiga mgongoni kwa viganja na kumkumbatia, kumpiga na kumkumbatia.

Mimi nilikwenda kutafuta miguu yangu. Ilikuwa imetawanyika, vibanzi vitupu. Mpira umekatika ndani ya soksi zake, bado wa moto. Nilikaa kwenye mvua nimeupakata.

Jioni tulikuwa uani kwao, tumelowa, Angelina amefungwa kitambaa kichwani, anabishana na Marko kwa mikono. Mvua imekwisha. Ebenezer akaja na kata ya maji, akachuchumaa mbele yangu, akaishika vilevile bila kuninyooshea. Nilifikiri ananitania. Kumbe anangoja. Adhana ilipotoka mbali, upande wa mjini, ndipo akanipa.

Nikaishika. Mazoea ni mazoea. "Hongo ni kiasi gani?"

Alimtazama binti yake. Alitazama sana. Shavu lenye kovu likacheza.

"Kunywa, Mnyamwezi."

Nikanywa. Mama Loisi alinitazama mpaka tone la mwisho, kofia yangu bado iko kichwani kwake. Hakunirudishia, nami sitaidai.

Nimerudi nyumbani. Sebuleni hatuna kochi tangu Januari, naandika haya tumekaa kwenye mkeka. Mama yako amenisikiliza mpaka mwisho, akafuta macho kwa pembe ya kanga, kisha akauliza kochi lake litatengenezwa lini. Nikamwambia kesho, jipya, la kisasa, lenye springi.

"Sitaki springi," amesema. "Nirudishie lile linalomeza."